Chupa moja, mikorosho sitini: kisa cha dawa ya nano pwani ya Mchinga

Mjomba alinipigia simu katikati ya Julai, saa moja asubuhi, na hakuanza kwa salamu ndefu kama kawaida yake. "Mjomba," aliniambia, maana kwetu mjomba na mpwa huitana jina hilohilo, "ile dawa imekataa. Njoo uone maua yangu yalivyovaa unga."

Dawa gani? Sikuwa na habari ya dawa yoyote. Nilijua ana salfa ya mgao, ule unga wa kukinga maua dhidi ya ukungu, kama wakulima wote wa korosho huku kusini, na nilijua ana mashine yake ya kupulizia ambayo huikodisha kwa majirani akimaliza shamba lake. Nimefanya kazi ya ugani kwa miaka kadhaa na nimezoea kuitwa mambo yakiwa yameshaharibika, kwa hiyo sikuuliza sana. Kesho yake nilipanda basi la Lindi, nikashuka Mchinga, nikachukua bodaboda hadi shambani.

Shamba lina mikorosho 90. Sitini iko juu, kwenye mchanga mwekundu: miti mikubwa iliyopandwa na bibi, matawi yake yamefungana kiasi kwamba chini yake palizi haihitajiki sana. Thelathini iko bondeni, miche ya kubebesha, yaani iliyounganishwa kwa chipukizi la mti mwingine, aliyoipanda mjomba mwenyewe, mifupi, yenye nafasi nzuri. Nakuomba uushike mgawanyo huu wa juu na bondeni, kwa sababu kisa chote kinauzunguka.

Kule juu nilivuta tawi moja nikashika shada la maua. Lilikuwa jeupe, kama mtu amepita na chekeche la unga wa muhogo. Nilipolipangusa kwa kidole gumba unga ulitoka, na chini yake vitumba vilikuwa vya kahawia, vimesinyaa, vingine vikabaki mkononi mwangu. Vikorosho vichache vilivyokwisha shika, ukubwa wa punje ya mahindi, vilikuwa na magamba kama ngozi yenye ukurutu. Ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, bila shaka yoyote. Bondeni nako ulikuwepo, lakini ni shada moja hapa, shada moja pale.

Tulikaa chini ya mkorosho, akanihadithia.

Mgao wake msimu ule ulikuwa mifuko mitatu ya salfa ya kilo 25. Hesabu ya salfa ya unga kila mkulima wa huku anaijua hata kama hajui kusoma: robo kilo kwa mti mkubwa, kila baada ya siku 14, mipulizo mitano. Mikorosho 90 inakula kilo 22 na nusu kwa mpulizo mmoja, karibu mfuko mzima. Alihitaji mifuko mitano, akapata mitatu, kwa sababu sehemu ya miti ya marehemu bibi haikuwa imeandikwa kwa jina lake kwenye daftari la wakulima. Uzembe wake mwenyewe, na alikiri.

Wakati anawaza pa kupata mifuko miwili iliyopungua, Ijumaa moja baada ya swala, kijana mmoja akaja barazani na bodaboda, nyuma amefunga katoni ya chupa. Alikuwa na video kwenye simu: jani lenye ukungu linapuliziwa, picha inayofuata jani ni kijani tupu. Akawaambia wazee kwamba salfa ni teknolojia ya babu, hii ni ya nano, chembe zake ni ndogo mno, zinapenya jani mpaka kwenye mizizi, na mpulizo mmoja unatosha msimu mzima. Chupa ya lita moja, shilingi 35,000. Mjomba alinunua mbili, moja ya msimu huo na moja akiba ya mwakani.

Sitaki msomaji amwone mjomba wangu mjinga. Amepuliza salfa tangu miaka ya tisini. Anaamka saa kumi alfajiri ili unga ukutane na umande kabla upepo wa bahari haujaanza, anarudi nyumbani saa mbili macho mekundu kama aliyepakwa pilipili, na nguo zake haziruhusiwi kuingia chumbani. Mtu wa namna hiyo akiambiwa kuna kitu kinapuliziwa mara moja tu, atasikiliza. Mimi pia ningesikiliza.

Basi wiki ya pili ya Juni, maua yakianza, akapuliza chupa kwenye mikorosho 60 ya juu. Kule bondeni chupa haikutosha, akatumia salfa kama desturi, mara mbili ndani ya mwezi ule. Hivyo ndivyo alivyojitengenezea shamba darasa bila kukusudia.

Chupa yenyewe

Nikaomba kuiona. Lebo ilikuwa na jani kubwa la kijani, neno NANO kwa herufi za dhahabu, na maneno "huongeza kinga ya mmea". Pembeni, kwa herufi ndogo, Ag, na chini yake 1000 ppm. Basi. Hakuna namba ya usajili, hakuna jina la ugonjwa wala la zao, hakuna siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Kipimo alikitaja muuzaji kwa mdomo: glasi moja ya chai kwa tangi moja la mashine.

Ag ni alama ya kikemia ya fedha, madini yaleyale ya bangili. Na ppm ni sehemu kwa milioni. Ukiwa na vitu hivyo viwili unaweza kupiga hesabu ambayo nadhani muuzaji hakutegemea mtu aipige. Lita moja yenye sehemu 1,000 kwa milioni ina fedha gramu moja. Gramu moja, chupa nzima. Igawe kwa mikorosho 60, kila mti umepata takriban miligramu 17. Mkorosho wa bondeni, kwa mpulizo mmoja tu, umepata gramu 250 za salfa.

Mtu wa nano atanijibu kwamba uzito si hoja, hoja ni eneo la nje la chembe. Ana haki, na hapa inabidi nieleze kidogo.

Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Kwa kawaida kitu huitwa cha nano chembe zake zikiwa kati ya nanomita 1 na 100. Chukua kipande cha salfa chenye pande za sentimita moja moja, kama kete ya ludo, uzito wake kama gramu mbili. Nje yake kina sentimita sita za mraba. Kikatekate mpaka kila kijikete kiwe na upande wa nanomita 100, halafu jumlisha nje za vijikete vyote: unapata mita za mraba 60, sakafu ya darasa la shule. Salfa ni ileile, gramu mbili zilezile, ila sasa inagusana na ukungu kwenye eneo kubwa mara laki moja. Ndiyo sababu kitu kikisagwa kufikia huko huweza kufanya kazi kwa kiasi kidogo, na ndiyo sababu wanasayansi wanahangaika nacho.

Na wamefanikiwa mahali. Korea Kusini, mwaka 2011, watafiti walichapisha kazi yao juu ya chembe za fedha dhidi ya ubwiriunga wa matango na maboga. Si ukungu wetu wa korosho, lakini ni wa ukoo huohuo: unakaa juu ya jani na kunyonya kwa vijimizizi. Fedha iliuzuia vizuri. Kiwango kilichofanya vizuri zaidi kilikuwa sehemu 100 kwa milioni.

Sasa rudi kwenye tangi la mjomba. Mililita 200 za dawa kwenye tangi la lita 12, na matangi matano yalimaliza chupa. Kila tangi lilikuwa na sehemu 17 kwa milioni, yaani sehemu ya sita ya kiwango cha matango ya Korea. Ili kukifikia kiwango kile kwa mikorosho 60, angehitaji chupa sita kwa mpulizo mmoja, shilingi 210,000. Na maua ya mkorosho hayatoki siku moja. Yanaendelea kuchipua kuanzia Juni hadi Septemba, na shada lililochipua jana halina habari ya dawa ya mwezi uliopita. Fedha haiamki kutoka kwenye jani la Juni ikahamia kwenye ua la Julai.

Hapo ingetosha kufunga faili. Lakini mimi nilikuwa na shaka nyingine, na ilitokana na kikombe cha chai.

Maji

Chai ya kwa mjomba ina ladha yake. Kisima kimechimbwa kwenye jiwe la matumbawe, maji ni mazito, ya chumvichumvi. Sabuni haitoi povu mpaka ubembeleze. Maji ya kunywa hununuliwa au hukingwa mvua. Nikamuuliza: "Mjomba, ulichanganya na maji gani?" Akanitazama kama niliyeuliza jua linatokea wapi. Nani atanunua maji ya kupulizia mikorosho?

Unajua maziwa yanavyokatika ukiyatia ndimu. Maziwa yakiwa mazima, vijitone vyake vimetawanyika, havishikani, kwa sababu kila kimoja kina chaji ya umeme inayokisukuma kingine mbali. Tia tindikali, ule msukumano unaondoka, vinashikana mabonge. Chembe nyingi za nano ndani ya maji huishi kwa msukumano wa namna hiyo. Adui yake mkubwa ni chumvi, na chumvi za kalsiamu, zile zinazotoka kwenye mawe ya matumbawe, ni kali zaidi kuliko chumvi ya mezani. Chembe zikishikana mabonge, nano imekwisha. Unapuliza mchanga mwembamba. Kwa fedha kuna balaa la pili: kloridi iliyomo kwenye maji ya chumvi huikamata na kufanya kitu kisichoyeyuka.

Tukaifungua ile chupa ya akiba. Rangi yake ni ya njano, chai ya rangi iliyozidishwa maji, na hiyo ndiyo rangi ya kawaida ya chembe ndogo za fedha, kwa hiyo kwa upande huo muuzaji hakudanganya. Mke wa mjomba akaleta glasi mbili. Moja tukatia maji ya mvua kutoka kwenye jaba, nyingine maji ya kisima, kila moja vijiko viwili vya dawa. Nikawasha tochi ya simu ubavuni. Kwenye glasi ya mvua mwanga ulipita kama mstari mwembamba ndani ya maji ya njano. Kwenye glasi ya kisima, kabla hatujamaliza kusimulia habari za msiba wa jirani, njano ilikuwa imegeuka kijivu. Asubuhi glasi ya mvua ilikuwa vilevile. Ya kisima ilikuwa na maji meupe juu na vumbi jeusi limelala chini.

Mjomba aliinyanyua glasi ile, akaizungusha, akaitazama vumbi linavyopanda na kushuka. "Hii ndiyo niliyopuliza?" Nikamwambia ndiyo. Glasi mbili si maabara, na kwenye tangi dawa haikukaa usiku kucha, ila dakika kumi zilitosha kubadilisha rangi, na tangi moja la mashine humalizika kwa muda mrefu zaidi ya huo.

Kwa nini unga ulishinda huku

Kuna jambo ambalo watu wa mijini wanaokuja na dawa za maji hawalioni. Salfa ya unga haikupendwa kusini kwa sababu ni bora kuliko kila kitu duniani. Ilipendwa kwa sababu haihitaji maji. Nyanda za juu za Makonde, Newala na Tandahimba, maji yalikuwa yakifuatwa mabondeni kwa mwendo mrefu, kichwani, na wanawake. Kumwambia mkulima wa huko achanganye lita moja kwa kila mti, mara tatu au nne kwa msimu, ni kumwambia achague kati ya mikorosho na kupika. Huku pwani maji yapo, lakini ndiyo haya.

Ubwiriunga uliingia kwenye mikorosho yetu mwishoni mwa miaka ya sabini. Nchi ilikuwa imevuna tani 145,000 msimu wa 1973/74. Kufikia 1986/87 ilikuwa chini ya tani 20,000. Si ugonjwa peke yake, watu walikuwa wamehamishiwa vijijini mbali na mashamba yao na bei haikuwa ya kutamanisha, ila ugonjwa uliikuta mikorosho haina mwenyewe. Kilichowainua baadaye ni mambo kadhaa, na mojawapo ni kazi ya kituo cha utafiti cha Naliendele, pale nje kidogo ya Mtwara mjini, waliosimamia matumizi ya salfa na kuchagua aina za mikorosho inayovumilia. Teknolojia ya babu, ndiyo: wakulima wa zabibu Ulaya wanaitumia salfa tangu katikati ya karne ya 19. Lakini inafanya kazi kwa njia ya kiakili sana. Jua likipanda, salfa inatoa mvuke kidogo kidogo, ile harufu unayoisikia ukipita shambani saa nne asubuhi, na mvuke huo unafika hata pale unga haukugusa.

Dawa ya maji kama ile ya chupa haina msaada huo. Inalinda pale tone lilipotua. Na mashine ya mjomba, ikibadilishwa kutoka unga kwenda maji, haikurusha ukungu wa dawa mpaka kileleni mwa ile miti ya bibi. Nilimwomba aiwashe kwa maji matupu nikaangalia: iliishia theluthi mbili ya urefu. Maua ya mkorosho yako wapi? Nje na juu, kwenye ncha za matawi, yanakotafuta jua. Theluthi yenye maua mengi ndiyo iliyobaki kavu.

Kwa hiyo ubwiriunga wa mjomba ulikuwa na milango minne wazi: kiwango kidogo, maji mabaya, kilele kisichofikiwa na kalenda ya mpulizo mmoja. Swali la kama chembe za nano zinaua ukungu wa korosho au haziui halikupata hata nafasi ya kuulizwa shambani pale. Ndiyo maana nakasirika kidogo nikisikia watu wa kijiji wakisema sasa "nano ni utapeli". Neno nano linakueleza ukubwa wa chembe. Halikuelezi ni chembe ya nini, ngapi, wala itafikaje kwenye ua.

Niwe mkweli pia kuhusu ule ulinganisho wa juu na bondeni. Si safi. Miti ya bondeni ni ya kubebesha, huenda inavumilia zaidi. Ni mifupi, kwa hiyo chochote kinaifikia. Na imepangwa kwa nafasi, upepo unapita. Ningeweza kuipulizia maji ya kisima matupu na bado ingekuwa na unga mdogo kuliko ile ya juu. Mjomba hakukubali hoja hii. Kwake salfa imeshinda, nano imeshindwa, kwisha. Nimeacha kubishana naye.

Nano iliyo ya kweli

Ukishapimwa malaria zahanati kwa kile kipimo cha tone la damu, umeshaitumia nano. Ule mstari mwekundu unaojitokeza kwa kawaida ni chembe za dhahabu, ndogo kiasi kwamba dhahabu inaonekana nyekundu badala ya njano. Vipimo vya namna hiyohiyo vipo vya virusi vya mimea: unasaga kipande cha jani, unachovya kijiti, unasubiri mstari. Kwa mtazamo wangu huku ndiko nano itakakotusaidia mapema zaidi, kuliko kwenye chupa za kupulizia. Mwenye mihogo anayeweza kujua kabla ya kupanda kwamba vipando vyake vina virusi vya michirizi kahawia, ameokoa mwaka mzima, maana ugonjwa ule unaoza mizizi chini wakati majani juu yanakudanganya.

Kuna kazi nyingine mbili ninazozifuatilia. Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, mwaka 2017 kilionyesha namna ya kubandika RNA, molekuli inayobeba maelekezo ya jeni, kwenye vibamba vya udongo vya nano na kuvipulizia juu ya majani. RNA ile ikiwa peke yake huoshwa na kuharibika haraka. Ikiwa juu ya udongo inatoka pole pole, na majani ya tumbaku yalikingwa dhidi ya virusi kwa siku 20 hivi. Huko nano si sumu, ni mbebaji. Na Connecticut, Marekani, Wade Elmer na Jason White walichapisha mwaka 2016 kwamba nyanya na biringanya zilizopuliziwa chembe za oksidi ya shaba zikiwa bado miche zilistahimili vizuri zaidi udongo wenye vimelea vya mnyauko. Shaba ilipuliziwa majani, ugonjwa uko mizizini. Maelezo yao ni kwamba mmea unahitaji shaba kujenga kinga yake mwenyewe.

Mtu yeyote aliyewahi kuona mkorosho ukifa kwa mnyauko fuzari, majani yakikauka yakiwa bado kwenye tawi, ataisoma habari hiyo mara mbili. Mimi niliisoma mara tatu. Lakini biringanya ni mmea wa miezi michache, na mkorosho wa bibi una mizizi iliyotangulia uhuru kuzaliwa. Kutoka kule mpaka hapa kuna safari. Tena shaba haiozi. Ukiipuliza kila mwaka inabaki kwenye udongo. Fedha vilevile, na fedha ina ukatili wake kwa viumbe vya majini, jambo la kufikiria ukiwa na shamba linaloteremka kuelekea mikoko.

Sheria haina utata sana. Dawa ya kuua au kuzuia ugonjwa wa mmea inasajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Mbolea, ikiwemo ya kupulizia majani, iko chini ya Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, TFRA. Chupa ya mjomba ilijipenyeza katikati: mdomoni mwa muuzaji ilikuwa dawa, kwenye lebo ilikuwa "kinga", ambayo si dawa wala si mbolea. Neno hilo halikuwekwa kwa bahati mbaya.

Tulichofanya

Salfa iliyobaki ilikuwa kilo 60. Bondeni kulikuwa kumekula kilo 15 kwa mipulizo miwili. Tukapanga: mipulizo miwili kwa shamba zima, kilo 45, na wa tatu kwa ile 60 ya juu peke yake, kilo 15. Inaishia pale pale, hata kiganja hakibaki. Nilimwonya kwamba salfa haifufui ua lililokufa. Inalinda yatakayochipua. Tulikata matawi ya ndani yaliyofungana na machipukizi ya chini yaliyojaa unga, maana ukungu ule unaishi kwenye majani machanga na ndiko unakosubiri maua. Kupogoa Julai si wakati wake, najua. Tulipogoa.

Mpulizo wa kwanza nilikuwepo. Saa kumi na nusu, giza, umande unadondoka shingoni. Mjomba mbele na mashine mgongoni, mimi nyuma na tochi, unga unapanda kama moshi wa tanuri na kutulia kwenye majani. Kipande cha kanga ya mkewe usoni. Nilimwambia anunue miwani ya kuzuia vumbi. Alisema atanunua korosho zikiuzwa, jibu analonipa kila mwaka.

Maua ya Agosti yalikuwa mazuri. Mwisho wa msimu ile mikorosho 60 ilitoa gunia nne. Msimu uliotangulia ilitoa sita. Ile 30 ya bondeni ilitoa tatu. Gunia mbili ndizo gharama ya kisa hiki, juu ya shilingi 70,000 za chupa mbili. Na daftari la wakulima amelirekebisha, miti ya bibi sasa iko kwa jina lake. Kijana wa bodaboda alipita tena mwezi wa Oktoba, akiuza kitu kingine, cha kuku.

Zilibaki chupa. Ile tuliyoifungua ilikuwa bado karibu kujaa. Nilimwomba mjomba asiimwage kisimani wala korongoni, nikaifunga kwenye mfuko niondoke nayo. Ile tupu sikuiona. Nilimkuta mke wa mjomba uani, ameshaisugua kwa majivu na mchanga mpaka lebo imetoka, ameianika mdomo chini juu ya chanja pamoja na vyombo. Chupa nzuri, ngumu, ina kizibo kisichovuja. Alitaka iwe ya mafuta ya nazi. Mjomba hakusema kitu. Aliichukua, akaenda nayo kwenye kibanda cha mashine, tukasikia nyundo na msumari. Alirudi nayo ina matundu matatu ubavuni, akamkabidhi, na mama akaninunia mimi mpaka nilipopanda bodaboda.